Jani Nililokutuma Ulipashe

Kokushubira mwanangu,

Mvua imekushikilia huko Kanazi kwa mama yako wa ubatizo, nami naishukuru, maana nimepata saa mbili tatu za kukaa peke yangu na hili daftari. Kesho asubuhi basi la Mwanza litakuchukua pale barabarani. Tangu juzi nakufuata nyuma kama kuku, umeweka soksi, umeweka kitambulisho, umeweka sweta. Wewe unaitika tu, "Ndiyo mama, ndiyo mama," na najua unajiuliza huyu mama safari hii ana nini. Nina jambo. Hilo sweta lilikuwa kisingizio.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini kwa mdomo ningesema Kihaya, na kwa Kihaya ningelia kabla sijafika katikati, halafu wewe ndiye ungeanza kunibembeleza. Umenibembeleza vya kutosha. Kwa Kiswahili changu cha darasa la saba labda nitajikaza.

Si wewe uliyemuunguza Bibi. Ni mimi.

Basi, nimeliandika. Usiikunje barua hapo, nakuomba, soma mpaka mwisho.

Mwezi uliopita Shangazi yako Adelina aliposema kwenye simu kwamba uende ukakae kwake usome ushonaji, ulirukaruka humu ndani mpaka ukaangusha ndoo. Halafu yeye akacheka, akasema, "Na haya magoti yangu mabovu sasa yatapata mtu wa kuyachua." Nikaona uso wako ulivyozimika. Ulitoka ukaingia migombani, ukakaa huko mpaka kuku wakaingia kulala. Uliporudi ukasema ulikwenda kutafuta kuni. Kuni gani, na mikono mitupu? Sikukuuliza. Mimi kwa kutouliza ni bingwa.

Una miaka ishirini sasa. Miaka kumi na moja yote hujapasha jani kwenye moto. Tukipika ndizi za sherehe unamenya, unachota maji, unasugua masufuria, lakini jani likisogezwa motoni unatoka nje. Mgongo wangu ukiuma unaniletea dawa ya kuchua, unaiweka kwenye kigoda, unasema, "Jipake mwenyewe mama, mimi mikono yangu mibaya." Mikono mibaya! Kila ukisema hivyo natamani ardhi inimeze, na bado naichukua dawa najipaka, nanyamaza.

Ngoja nikueleze siku ile ilivyokuwa, maana ulikuwa mdogo na umebaki na kipande chake tu, tena kipande nilichokuachia mimi.

Unajua sisi tulivyofanya tangu zamani. Mzee akiumwa viungo anapakwa samli, anachuliwa taratibu, kisha jani bichi la mgomba linapitishwa juu ya moto mpaka lilegee, anafungwa nalo likiwa vuguvugu. Mama yangu alimfanyia bibi yangu hivyo, na mimi nilipoolewa huku Muleba nikamfanyia mama mkwe wangu, huyo Bibi yako. Hakuna aliyeungua. Ulipofika miaka saba nikakufundisha na wewe: jaribu jani shavuni kwako kwanza, likikuuma wewe litamuuma na Bibi. Nawe ulikuwa unajaribu kila mara, hata nikiwa nimekupa mgongo. Nimekuona kwa macho yangu, naweza kuapa popote.

Baba yako alipofariki, na ng'ombe naye akauzwa, samli ikaisha. Nikanunua dukani dawa ya kuchua, ile tyubu nyeupe. Bibi aliipenda! Akishapakwa anajinusa mikono anasema, "Leo nanuka mjini." Alikuwa na sukari, unakumbuka, miguu ilikufa ganzi kuanzia chini, akawa anasema anakanyaga sufi. Lakini magoti hayakufa ganzi, yalikuwa yanamuuma mpaka anatoa machozi. Kosa langu lilianzia hapo. Niliichukulia ile dawa kuwa ni samli nyingine. Samli imekwisha, hii ndiyo samli yetu mpya, kazi ni ileile. Sikuwaza hata siku moja kwamba dawa ile ina moto wake ndani. Kile kikaratasi kinachokaa kwenye boksi lake nilikitumia kuwashia jiko. Siku za mwanzo nilibahatika tu. Nilikuwa napaka kidogo, tena jioni, na jani nafunga asubuhi, vikawa havikutani.

Siku ile vilikutana. Ilikuwa msimu wa kahawa, nimeanika kwenye maturubai nyuma ya nyumba, na mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa. Bibi akaita, "Mkamwana, magoti." Nikampaka. Koku, nilikuwa nimechoka, na tusidanganyane, nilikuwa nimechoka na magoti yake pia. Nilimsiliba kuanzia gotini hadi kifundoni kama mtu anayesiliba ukuta, nusu tyubu nzima. Baada ya muda akaita tena, akisema haijashika. Nikaingia kwa hasira, nikachukua lile kopo dogo nililolinunua gulioni kwa mchuuzi, halina jina wala maandishi, lile linalowaka kama pilipili. Nikampaka juu ya ile ya kwanza. Ngurumo ikapiga. Nikakuita wewe kutoka jikoni, "Koku, mfunge Bibi jani," nikakimbilia kahawa yangu.

Sikukuambia nimempaka. Wala sikukumbuka kukuambia, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kahawa.

Ulifanya kama nilivyokufundisha. Bibi akalala, hakusikia chochote, angesikia nini na miguu ile? Niliporudi nimelowa chapachapa nilikukuta umekaa kwenye kigoda unamfukuzia nzi kwa kanga. Ukaniambia, "Bibi amelala vizuri." Tulipofungua jani, mama wee! Gotini palikuwa pekundu tu. Lakini huku chini malengelenge yalikuwa yamejaa, na kwenye kifundo ngozi ilitoka pamoja na jani. Uliangalia jani, ukaangalia mikono yako. Nilikuona ukiiangalia mikono yako, na hapo hapo ningeweza kusema. Sikusema.

Shangazi alifika kutoka Mwanza kesho yake, akatukuta wodini. Nesi alikuwa anasafisha kidonda, mama mtu mzima, macho yake makali. Akaniuliza, "Kabla ya jani mlimpaka dawa yoyote ya kuchua?"

Nikamuuliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu jani la vuguvugu peke yake halifanyi hivi. Dawa zile ukizifunga na kuziwekea joto, ngozi inazinywa kupita kiasi, zinaunguza. Na mtu mwenye ganzi hawezi kukuambia acha."

Nikaelewa pale pale, kila kitu. Shangazi alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda ananiangalia usoni. Nikasema, "Hakupakwa kitu."

Shangazi akagonganisha viganja vyake. "Basi ni mtoto! Mtoto wa miaka tisa mnampa moto amchome mama yangu!" Nawe ulikuwa mlangoni, umeshika chupa ya uji wa Bibi kwa mikono miwili. Ulisikia. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile chupa.

Kuna kingine ambacho hujui, na hiki ndicho kinachoninyima usingizi zaidi ya vyote. Shangazi alipotoka kwenda kumtafuta daktari, Bibi alifumbua macho. Akaniambia polepole, "Mkamwana, si ulinipaka kwanza? Ile ya kuwaka."

Nikamwambia, "Hapana mama. Ya kupaka ilikuwa juzi. Umesahau."

Akili ya Bibi yako ilikuwa nzima, Koku. Alikuwa anakumbuka majina ya watoto wote aliowasimamia ubatizo na siku walizozaliwa. Aliniangalia sana. Kisha akasema, "Haya. Ilikuwa juzi." Akageukia ukutani. Hakulitaja tena, si kwangu wala kwa binti yake. Alinisitiri akijua kabisa ananisitiri, na nadhani hakujua kwamba wewe utalilipia miaka yote hii. Wewe tulikuwa tumekuacha nyumbani siku zilizofuata, alikuwa anakuulizia, "Koku haji?" Nikawa namwambia una shule.

Utaniuliza kwa nini. Una haki. Nilikuwa mjane kwenye kibanja, nyumba na shamba la migomba la ukoo wa mume wangu, nina mtoto mmoja wa kike. Nikisema nimemuunguza mama mkwe kwa bahati mbaya, nani angenielewa? Wangesema nilitaka kummaliza nibaki na kibanja. Wangenifungia virago, nami sikuwa na pa kukupeleka. Nikajiambia, mtoto hasukumwi nje, mtoto atasamehewa, mtoto atasahau. Nilikuwa na hofu, ndiyo. Lakini usinihurumie haraka. Hofu iliisha baada ya mwaka mmoja, watu wakanizoea, kibanja kikatulia, na bado sikusema. Hapo haikuwa hofu tena. Ilikuwa ni raha ya kutolaumiwa.

Kidonda kiligoma kupona. Mguu ulikatwa chini ya goti, na kabla msimu wa senene, wale panzi wetu, haujarudi tukamzika. Msibani niliwasikia wanawake wawili wanakuonyesha kwa kidole, "Ndiye huyo." Nikaendelea kumenya ndizi.

Sasa nije kwenye magoti ya Shangazi, maana huko ndiko unakokwenda na hofu.

Miaka mitatu iliyopita, unakumbuka mgongo wangu ulikataa kabisa, nikaenda Bukoba mjini peke yangu. Niliingia duka la dawa, nikamkuta dada mmoja wa Kiislamu, mdogo tu, mtandio wake wa bluu, mpole kupita kiasi. Nikaomba dawa ya kuchua, mbili, ile kali na nyingine. Akaniuliza, "Mama unaipakaje?" Nikamwambia najipaka vizuri, najifunga kitenge kwa nguvu, nakaa juani au karibu na jiko. Yule binti alishika mdomo. Akanivutia kiti.

Hakunisuta. Alichukua boksi akanisomea lile karatasi, mstari kwa mstari, lile lile ambalo mimi nilikuwa nawashia jiko. Nilimuuliza maswali kama polisi, mpaka wateja wengine wakaguna. Nilikuwa namuuliza kwa ajili ya Bibi, yeye akidhani ni kwa ajili ya mgongo. Aliniambia ipakwe nyembamba, mara chache zilizoandikwa na si kila ukihisi maumivu. Moja tu, usirundike mbili. Isipakwe penye kidonda, mchubuko wala upele. Isifungwe bandeji ya kubana. Na joto lolote, jani, chupa ya maji moto, jua, maji ya kuoga ya moto, hapana. Nikamuuliza, na mtu wa kwetu anayependa jani? Akafikiri, akasema, "Basi siku hiyo apate jani peke yake, ngozi iwe safi, na asiwe na ganzi." Nilipomuuliza habari za ganzi na sukari akatikisa kichwa, akasema huyo aende kwanza kwa daktari, asichuliwe kwa kubahatisha. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani. Maneno ya dakika kumi tu, Koku. Bibi angekuwa na mguu wake.

Siku hiyo jioni nilijipaka, nikasahau kunawa mikono, nikafuta machozi. Yalivyowaka macho! Nilipiga kelele ukaja mbio na beseni. Ukaniuliza, "Mama unalia nini?" Nikakuambia ni dawa. Ilikuwa dawa kweli, ila nilikuwa nimeanza kulia kabla yake.

Kwa hiyo Shangazi akikuita, nenda. Usijifiche chooni, usitafute kuni za Mwanza. Ila kabla hujamgusa muulize mambo mawili. La kwanza, zile dawa anazomeza za moyo, za kuifanya damu iwe nyepesi: yule dada aliniambia baadhi ya hizi za kupaka zinaingia mwilini na kugombana nazo, mtu akatokwa na damu ovyo. Tena Shangazi ana tabia ya kumeza vidonge vya maumivu kama karanga, na dawa nyingine za kupaka ni ndugu wa vidonge hivyo hivyo, anakuwa anajiongezea bila kujua. Mpeleke na makopo yake yote kwa mfamasia, ayaone. Asipotaka, mwambie mama amesema, anichukie mimi. La pili, miguu. Mguse nyayo kwa pamba akiwa amefumba macho, umuulize ni wapi. Mama yake alikuwa na sukari, na yeye anajifanya hana. Asipojua ni wapi umegusa, usipake kitu, mwende hospitali.

Ukipaka, akisema panawasha sana au ukaona pamevimba, osha kwa maji na sabuni, usimwambie avumilie. Mimi nilikuwa bingwa wa kuwaambia watu wavumilie. Na goti likivimba likawa la moto, au wiki ikapita hakuna nafuu, hilo si la kuchua tena.

Mikono yako ni mizuri. Ni mikono iliyokuwa inajaribu jani shavuni kwanza.

Bado kidogo nimalize, nakuona unachungulia ukurasa.

Leo asubuhi ulidhani nimekwenda kisimani. Nilipanda kule juu kanisani ambako simu inashika, nikampigia Shangazi. Nilimwambia yote, kuanzia tyubu, kopo, kahawa, mpaka nilichomjibu nesi. Kisha akauliza, "Mama alijua?" Nikamwambia kuhusu lile neno lake, "Ilikuwa juzi." Basi akalia, Koku, analia kama mtoto, mwanamke wa miaka sitini na tano, nami nimesimama pale na simu sikioni.

Alipotulia akasema, "Mtoto aje. Nitamwomba msamaha mwenyewe, kwa magoti haya haya. Wewe usikanyage kwangu." Na akasema atawaambia wazee wa ukoo, kwamba hawezi kukaa nalo peke yake. Sikumbishia. Ni mama yake.

Ndiyo maana kesho sitapanda basi pamoja na wewe kama tulivyopanga. Nitakusindikiza mpaka barabarani, ukikubali. Na ikifika likizo usije moja kwa moja mpaka hapa. Nipigie kwanza, nikuambie ninakaa wapi. Inawezekana nitakuwa hapa hapa, inawezekana nitakuwa kwa kaka yangu kule Rubafu. Kibanja hiki nilikilinda kwa jina lako miaka kumi na moja, sasa wakikichukua wakichukue.

Nilikusudia uisome barua hii ndani ya basi, nikiwa nimebaki mbali. Nilikuwa nimeshaishona kabisa kwenye mfuko wa sweta. Nimefumua, nikaongeza maneno haya ya mwisho. Naiweka juu ya sanduku lako, uikute ukiingia, na mimi niko jikoni.

Chakula chako cha njiani kimeiva, ndizi na karanga, na senene wachache niliokuwekea. Jani la kufungia nimelikata, liko hapa karibu na jiko. Sijalipasha. Nitakusubiri mpaka moto uanze kufifia. Ukija, njoo ulipashe wewe, tutafunga pamoja, na ukitaka kunitukana utanitukana tukiwa tunafunga. Na ukisikia harufu ya jani huku bado uko chumbani, ujue nimelipasha mwenyewe, na kesho sitakuuliza kitu.

Mama yako